Unabonyeza kengele ya masista saa nne na nusu usiku, halafu wao ndio hawana Mungu?

KobeWaMilimani:
Wadau, damu inachemka. Simtaji, nyote mnamjua, yule wa video za "Ulaya bure". Leo katoa nyingine: yuko kijijini Toscana, kabonyeza kengele ya konventi saa nne na nusu usiku. Hakuandika, hakupiga simu. Hakufunguliwa, basi anatangaza watawa wa Italia "hawana Mungu". Watu wanaoamka alfajiri kusali!

Saa nne na nusu! Sala ya usiku, Compieta, imekwisha, taa zimezimwa, ukimya umeanza. Kengele ile inaamsha nyumba nzima, kuku na marehemu wa makaburini.

Foresteria, yaani vyumba vya wageni vya watawa, si hoteli. Unaandika barua pepe wiki 2 au 3 kabla, kwa Kiitaliano: tarehe, wanaume wangapi, wanawake wangapi (kuna nyumba hazipokei wanaume), saa ya kufika, mtakula jioni au la. Wasipojibu, piga simu asubuhi katikati, mbali na saa za sala na mlo. Fika kabla ya Masifu ya Jioni. Pasipoti mkononi, maana sheria inawadai wapeleke taarifa zako polisi ndani ya saa 24, na kwa mgeni wa usiku mmoja ndani ya saa 6. Nani akujazie hayo saa nne na nusu usiku? Beba pesa taslimu. Na "offerta libera" maana yake toa kadiri unavyoweza. Yeye katafsiri "bure"!

mtoto_wa_Peramiho:
Mkuu tulia, presha hiyo. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ile ya maisha ya watawa, sura ya 53: wageni wote wapokewe kama Kristo. Kristo naye utamuuliza kama aliandika barua pepe?

Sakristani:
Soma na ya 42: baada ya Compieta hakuna kuongea.

mtoto_wa_Peramiho:
Hiyo hiyo 42 inaruhusu kuongea mgeni akihitaji huduma. Umeishia katikati.

KobeWaMilimani:
Mgeni, sawa. Saa nne na nusu na kamera usoni pa sista?

Dada_Bahasha:
Mleta uzi anawatetea kama kaajiriwa getini 😂 Ila tuseme ukweli, jamaa kachelewa kwa sababu ya basi. Ratiba ya vijijini ukiona "feriale", ni Jumatatu hadi Jumamosi. "Festivo" ni Jumapili na sikukuu, na mara nyingi hakuna basi kabisa. "Scolastico" linatembea siku za shule tu, Julai utalisubiri mpaka uote mizizi.

Sakristani:
Na tiketi ununue mapema dukani kwa muuza sigara, kwenye alama ya T. Mchana duka linafungwa.

baridi_yabisi:
Mabasi si kitu. Baridi je? Sehemu kubwa ya Toscana ni kanda D ya hali ya hewa kisheria: joto la nyumba linawashwa 1 Novemba hadi 15 Aprili, saa 12 tu kwa siku. Ukilala mwishoni mwa Oktoba kwenye kuta za mawe nene mita nzima, unaganda kama samaki wa friza. Omba blanketi la pili kabla sista hajaenda kusali.

Dada_Bahasha:
Blanketi lipo kabatini, rafu ya juu. Mto ndio tatizo, mgumu kama tofali.

baridi_yabisi:
Kunja sweta uweke juu yake. Haya, nani ana ratiba ya basi la Jumapili la Siena kwenda Radicofani?