Mikono ya saspensheni ya kurekebisha ipigwe marufuku? Mimi napinga

Wadau wa mbio za vumbi hapa Nairobi, hii maneno ya kukataza mikono ya kurekebisha, yaani vile vyuma vya saspensheni vinavyoshika tairi na unaweza kubadilisha urefu wake, kwa klasi ya magari ya bei nafuu hebu tuiongee vizuri. Wanaotaka ikatazwe wanasema mwenye pesa ataenda kuchongewa mikono yake, avute wilibesi, yaani umbali kutoka kitovu cha tairi ya mbele hadi ya nyuma, halafu awaache wenzake kwa vumbi. Wanaopinga nao wanasema ati wilibesi ni ya chesi, yaani bodi ya gari yenyewe, kiwanda kilishaweka, Subaru Impreza GC8 ni milimita 2520 basi, hakuna cha kujadili.

Pande zote mbili hazijaingia chini ya gari wakaangalia. Datsun 1200 kwa mfano, ile fimbo inayoshika mkono wa chini na kwenda mbele, ukiifupisha kidogo tairi inasonga mbele, kasta, yaani ule mwinamo wa kwenda nyuma wa mhimili ambao tairi inazungukia ukikata usukani, inaongezeka na wilibesi ya huo upande inaongezeka pia. Bushi, ile raba ya mwisho wa fimbo, ikikufa ndio kabisa, ukikanyaga breki tairi inarudi nyuma yenyewe, na hiyo kukataza mikono hakuizuii.

Nyuma ndio kuna mambo. Chukua ekseli moja inayounganisha matairi yote mawili, inashikwa na fimbo za milimita 500 zinazotoka mbele yake, zimeinama digrii 15 kushuka kwa ekseli. Gari ikilala kwa kona, upande wa nje ukiminywa milimita 50 ekseli inarudi nyuma kama 11, upande wa ndani ukishuka 50 ekseli inaenda mbele kama 16. Hapo ni tofauti ya 27, ekseli imekaa mshazari, matairi ya nyuma yanaangalia nje ya kona na mkia unatoka. Sasa wewe umepima gari ikiwa imesimama kwa simiti, umepima nini?

Kule Marekani kwa zile duara za udongo wanapiga kona za kushoto tu, ndio maana wanaweza kufanya wilibesi ya kushoto isilingane na ya kulia na walipwe kwa hiyo kazi. Hapa kwetu uwanja wa Jamhuri unapiga kona za pande zote mbili, unachopata kushoto unakilipa kulia, so huyo tajiri tunayemuogopa hana faida kubwa hivyo. Na wilibesi ndefu si dawa, inatuliza gari kwa mashimo na kwa mwendo wa kasi lakini kona ya kubana inakuwa nzito, wenye magari mafupi mnajua.

Pendekezo langu: mahali mikono inafungwa kwa chesi pasiguswe, hapo kusiwe na kuchomelea, lakini mkono wenyewe kila mtu atumie anaotaka. Halafu mkaguzi apime kila upande; gari ikisimama haionyeshi yote, lakini angalau utajua kama pande zinalingana. Matairi yaangalie mbele sawa, shusha timazi, ule uzi wenye uzito, kwa kitovu cha mbele, weka alama ya chaki chini, fanya hivyo nyuma, pima kati ya alama mbili, kisha rudia upande wa pili. Kushoto na kulia zikipishana zaidi ya milimita 10, rudi ukarekebishe. Timazi na chaki hazimshindi mtu, lakini ukikataza mikono unaumiza yule kijana amegonga jiwe, mkono umepinda, na wa kiwandani haupatikani kwa maduka ya spea ya Kirinyaga Road nzima.

Anayepinga alete vipimo vya gari yake, kushoto na kulia, tuangalie pamoja.