Baba yangu haamini Mungu na anaumwa. Je, ana haja ya kuogopa hukumu?

BintiMbinga

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za jioni. Nina jambo linaninyima raha, na nyumbani haliongeleki bila mtu kulia.

Baba yangu ana miaka 74. Moyo umetanuka, miguu inavimba, na daktari ametuambia kwa upole tukae naye vizuri. Haamini Mungu. Hakuna msiba uliomtoa kanisani, wala hajagombana na padre yeyote. Alibatizwa akiwa mchanga, akapata kipaimara, akasoma shule ya misheni, na mpaka leo anaweza kukuimbia litania ya watakatifu kwa Kilatini. Anasema tu kwamba kadiri alivyozidi kuwaza, ndivyo alivyozidi kuona hakuna anayemsikiliza. Nikiwa shule ya msingi akaacha kwenda misa, ila hela ya zaka ya mama hakuacha kuitoa.

Alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha kahawa. Aliyekulia kwetu anajua mizani ni nini. Mkulima ameshuka mlimani na gunia kichwani, namba hajui kuzisoma, karani akiegemeza kidole tu kilo mbili zimekwenda. Baba alikuwa anaigeuza mizani imtazame mkulima, halafu anamsomea kwa sauti mbele ya foleni nzima. Wenzake wa kazini walijenga mapema. Sisi tulihamia nyumba haina hata dari.

Sasa shangazi amekuja na katekista kumwomba aungame na kupokea Mpako wa Wagonjwa, yaani sakramenti ya kupakwa mafuta matakatifu. Baba aliwakaribisha vizuri, akaagiza waletewe chai. Shangazi akamwambia, "Kaka, sema tu unaamini. Kama hayupo, hupotezi kitu. Kama yupo, umepona." Baba akajibu, "Nikisema naamini na moyoni siamini, huyo Mungu unayenitisha naye nitakuwa nimeanza naye kwa uongo." Shangazi akalia, mama akalia, mimi nikatoka nje.

Mimi naamini na nasali. Lakini usingizi haupatikani nikifikiri kwamba mtu aliyekataa kumpunja maskini hata kilo moja anaweza kuchomwa milele kwa sababu ameshindwa kuamini. Naomba mnijibu kwa mnavyojua, wa dini zote na hata msio na dini. Mtu kama huyu ana haja ya kuogopa hukumu? Nimsukume, au nimwache?

Maalim_Pangani

Pole sana dada, Mwenyezi Mungu ampe mzee nafuu. Nakujibu kwa upande wetu Waislamu.

Katika Qur'ani, sura ya 17 aya ya 15, Mwenyezi Mungu anasema haadhibu mpaka apeleke Mtume. Hapo ndipo wanazuoni walipoanzia kujadili hali ya mtu ambaye ujumbe haukumfikia. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwaweka wasio Waislamu katika mafungu matatu. Kuna wasiowahi kulisikia hata jina la Mtume, hao wana udhuru. Kuna waliosikia habari zake zikiwa zimepotoshwa tangu utotoni, wakaaminishwa kuwa alikuwa mwongo, nao akawapa udhuru. Wasio na udhuru kwake ni wale waliomjua alivyo, wakaishi karibu na Waislamu, wakakataa.

Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wanazuoni wengi watakwambia aliyefikiwa na ujumbe sawasawa kisha akaukataa hana pa kujitetea. Lakini ni nani hasa amefikiwa sawasawa? Hilo halimo mkononi mwangu wala mwa shangazi yako. Khatima ya mtu anaijua Mola wake.

Mambo mawili yamenigusa. Kwanza, ushauri wa shangazi. Kwetu wanafiki ndio waliotajwa kuwa tabaka la chini kabisa la Moto, sura ya 4 aya ya 145. Kumfundisha mgonjwa aseme kwa ulimi kisichokuwamo moyoni si kumwokoa. Pili, hiyo mizani. Sura ya 83 inaanza kwa kuwaapiza wapunjaji wa vipimo, kisha papo hapo inauliza: kwani hawa hawadhani kwamba watafufuliwa kwa ajili ya Siku iliyo kuu? Baba yako hakuitarajia Siku hiyo, na bado hakupunja. Sijui Mola atalipimaje hilo, lakini najua halitampotea.

Mwombee dua maadamu yu hai.

Mlokole_Mwanza

Dada, nasema kwa upendo kwa sababu muda ni mfupi. Marko 16:16: "Aaminiye na kubatizwa ataokoka, asiyeamini, atahukumiwa." Na Waebrania 9:27 inasema mtu hufa mara moja, na baada ya hapo hukumu. Matendo mema hayaokoi, hata ya mizani. Mwizi msalabani aliokoka saa ya mwisho, na baba yako bado ana saa. Msukume. Nitafunga na kumwombea.

Katekista_Mstaafu

Mwanangu, hiyo Marko nimewafundisha wakatekumeni, wanaojiandaa kubatizwa, tangu nikiwa kijana na siifuti. Ila haisimami peke yake. Katika Luka 12 Yesu anasema mtumwa aliyeyajua mapenzi ya bwana wake na asiyatende atapigwa sana, na asiyeyajua atapigwa kidogo. Paulo katika Warumi 2 anasema watu wa mataifa wasio na sheria, wakitenda yaliyo ya sheria, wanaonyesha kuwa imeandikwa mioyoni mwao. Na isome Mathayo 25 polepole. Wale wa mkono wa kuume wanashangaa kuambiwa walimlisha Bwana, wanauliza ni lini walimwona ana njaa. Walikuwa wanamtumikia na hawana habari.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika hati yake juu ya Kanisa ya tarehe 21 Novemba 1964, namba 16, unafundisha kwamba hata wale ambao bila kosa lao hawajafikia kumjua Mungu waziwazi, nao wanajitahidi kuishi vema, Mungu hawanyimi msaada wa kuufikia wokovu. Hati hiyohiyo, namba 14, ni kali kwa anayejua kwamba Kanisa ni la lazima kisha akakataa kuingia au kubaki ndani yake. Mzee wako yuko upande gani? Mimi namwona mtu aliyetafuta na asione, si mtu aliyeona akageuza uso. Naweza kuwa nahukumu kwa huruma, lakini kwa huruma ndivyo tulivyoambiwa tuhukumu.

Mpako nao una utaratibu wake. Sheria ya Kanisa inataka mgonjwa awe ameuomba, hata kama si kwa maneno ya wazi, akiwa na akili zake. Baba yako akili anazo na amekataa. Msingoje apoteze fahamu ndipo mwite padre. Huko ni kumvizia.

Ukiniuliza nani aogope, nitamtaja kwanza karani aliyeegemeza kidole siku sita na Jumapili akaja kukomunika. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana.

Kijana_Nakuru

Habari dada. Mimi ni mmoja wa hao wasioamini. Hapa Kenya sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 750,000 waliosema hawana dini, kwa hivyo mzee wako hayuko peke yake, hata kama kijijini anaonekana hivyo.

Hofu ya moto haikuniacha siku nilipoacha kuamini. Ilikaa miaka, hasa usiku, hasa nikiwa na homa. Baadaye ikaisha yenyewe. Sasa siogopi, na si kwa ujasiri. Mtu haogopi asichokiona kuwa kipo. Wewe unasali kila siku kama Mkristo. Je, unakesha ukiuogopa ule Moto wa wasiomkubali Mtume, aliousema Maalim hapo juu? Nadhani la. Basi hivyo ndivyo baba yako anavyouona wa kwenu.

Hoja ya shangazi ni ya zamani, aliiandika Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17. Karne iliyofuata Mfaransa mwingine, Denis Diderot, akajibu kwamba hata imamu angeweza kusema vilevile. Ukiweka dau kwa hofu, utaliweka kwa nani?

Kwa maoni yangu kuna swali hamjamuuliza: yeye mwenyewe anaogopa nini? Mimi ningeogopa maumivu. Ningeogopa pia kutumia siku zangu za mwisho nikibishana na watu ninaowapenda.

BintiMbinga

Asanteni sana, nimesoma yote na mengine nimemsomea baba. Nimemuuliza swali la huyo kaka wa Nakuru. Amesema anaogopa kukosa pumzi usiku, na anaogopa mama kudaiwa. Hukumu hakuitaja.

Halafu akanipa lake niwaulize. Wabenediktini, wamisionari Wakatoliki, walifika Peramiho huku kwetu Ruvuma mwaka 1898. Baba wa babu yake alikuwa ameshakufa. Yuko wapi? Akaongeza: "Kama alisamehewa kwa kuwa hakusikia, basi waliotuletea habari walituletea na hatari." Nilikosa la kumjibu.

Mpenda_Historia

Mzee ameuliza swali lililowaliza watu wengi kabla yake. Francis Xavier, mmisionari Mkatoliki, aliandika mwaka 1552 kwamba Wajapani aliowabatiza walikuwa wakilia, wakimwuliza kama hakuna namna ya kuwatoa wazazi na mababu zao motoni. Aliwajibu hakuna, na akakiri kwamba naye machozi yao yalimuumiza. Kule Natal, Afrika Kusini, Askofu wa Kianglikana John Colenso, aliyefanya kazi na Wazulu, aliandika mwaka 1861 katika ufafanuzi wake wa Waraka kwa Warumi akiikataa adhabu ya milele kwa watu ambao hawakupata kuhubiriwa. Mwaka 1863 akahukumiwa kwa uzushi mjini Cape Town. Kwa hiyo kuna askofu aliyeupoteza utulivu wake wote kwa ajili ya mababu kama wa mzee.

Mkenya John Mbiti, padre wa Kianglikana aliyefariki 2019, yeye aliandika kwamba jamii nyingi za Kiafrika hazikutarajia hukumu baada ya kifo. Ukikosea, unaadhibiwa hapahapa ungali hai. Huenda huyo babu hakuijua kabisa hofu tunayoijadili hapa, na bado alijua kwamba kumdhulumu jirani kuna gharama.

Kuhusu hatari aliyosema, naona mzee ana hoja, ikiwa habari njema yote ni njia ya kukwepa moto. Kama ni zaidi ya hapo, hoja yake inapungua nguvu.

BintiMbinga

Nimeamua simsukumi. Shangazi nimempigia nikamweleza, amenuna lakini amekubali kuja kukaa naye bila kumhubiria. Ila jumuiya wameshaanza kuniuliza habari za mazishi. Katekista, akifariki hivihivi tunafanyaje?

Katekista_Mstaafu

Nenda kwa paroko sasa, usingoje siku ya msiba watu wakiwa wamejaa uwanjani. Uamuzi ni wake, na akiwa na shaka atamwuliza askofu. Mweleze ukweli wote, wa kutoamini na wa mizani. Akikataa, sala za kaburini mnaweza kuziongoza wenyewe wanafamilia, na Misa ya kumwombea marehemu padre anaruhusiwa kuitolea mtu yeyote. Mwambie na baba mnachopanga, asije akadhani mtamgeuza akishafumba macho.

Madeni ya mama yaandikeni kwenye daftari akiwa bado anaweza kuyataja. Na usiku mlazeni ameinuliwa kwa mito, na miguu ikizidi kuvimba au pumzi ikibana msisubiri kukuche, mpelekeni hospitali.