Mrejesho: cheo cha mtu wetu tumekipata

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza: ofisi yetu ndogo ya usanifu hapa Dar ina mtu mwenye miaka 12 kazini, anachora, anazunguka saiti, mafundi wanamwogopa kuliko bosi, ila hajasajiliwa AQRB, bodi inayosajili wasanifu majengo. Tumwite nani?

Wengi mlisema "Msanifu Mwandamizi", basi. Haikuwezekana. Sheria ya 2010 hairuhusu asiyesajiliwa kujiita msanifu majengo, na kubandika "mwandamizi" hakuondoi kosa. Aliyenitahadharisha namshukuru sana, maana kadi za biashara zilikuwa zimeshafika kwa mchapaji. Nikazizuia mlangoni.

"Msaidizi wa Msanifu" tulilijaribu siku 2. Mzee hakusema kitu, alikunywa chai yake kimya, nikajua limemkera. Kafundisha nusu ya ofisi kusoma ramani, halafu unamwita msaidizi! Hata Marekani, baraza lao la usajili wa wasanifu, NCARB, liliamua mwaka 2015 kuacha kuwaita wanagenzi wale ambao hawajapata leseni.

Mwishowe tulimuuliza mwenyewe (tungeanza hapo). Akachagua "Mkuu wa Kitengo cha Michoro". Kinaeleza anachofanya, hakimdanganyi mteja, na vijana wanamheshimu. Saini na mhuri kwenye michoro ya kibali vinabaki kwa msanifu aliyesajiliwa, kama zamani.

Mshahara umepanda kidogo. Na juzi kaniuliza, kama utani, ofisi itamlipia ada ya mtihani wa bodi? Barua nimeshaipeleka kwa bosi.