Tupeane uzoefu: kitu gani cha bei ndogo kimekufanya useme asante?

Mama Kifumbu (mwenye mada)

Hamjambo wenzangu. Mwezi wa tano ndio huu. Kusi limeshika, bahari ya hapa Malindi imegeuka rangi ya chai kwa udongo wa mto Sabaki, na hoteli nyingi zimefunga mpaka Wataliano warudi. Mume wangu ni mpishi wa hoteli, kwa hivyo hali ya nyumbani mnaijua bila kuelezwa.

Jana nilipita kwa muuza vyombo vya mtumba nikaokota kibirika cha alumini chenye kiuno kama nyigu. Shilingi 150. Muuzaji alidhani ni cha watoto kuchezea. Mume alipokiona alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe ndicho kile Wataliano wanachopikia kahawa: maji chini, kahawa katikati, mvuke unaisukuma kahawa juu. Mara ya kwanza kahawa ilitokea ubavuni ikazima jiko, maana mpira wa ndani ulikuwa umepasuka. Tukatafuta mwingine, shilingi 30. Leo asubuhi tumekaa barazani mimi, yeye na watoto, kahawa ya tangawizi, mahamri na mbaazi. Msimu wa wageni huwa anatoka kabla hakujakucha, kwa hivyo asubuhi kama hii hatukuwa nayo tangu kabla ya Krismasi.

Haya, leteni vyenu. Mtumba, sufuria, ndugu, kanisa, chochote. Lakini kiwe cha kweli, si cha kupendezesha watu.

Fundi wa Ganda

Dada umenikumbusha 2020. Acha niseme kirefu.

Nilikuwa dobi wa hoteli miaka tisa. Machi mwaka ule ndege za nje zikasimamishwa, wageni wakaondoka mbio, sisi tukaambiwa tungoje simu. Simu haikuja. Tarehe 8 Aprili kaunti yetu ya Kilifi ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Kanisa limefungwa, saa moja jioni kila mtu ndani. Nina watoto watatu na debe moja la mahindi.

Katika jumuiya yetu ndogo kuna mama mmoja aliyeachiwa cherehani na marehemu mamake, ile Singer ya kuzungusha kwa mkono. Ilikuwa imewekewa ndoo juu. Akaniambia, "Wewe umepiga pasi mashuka ya watu miaka yote hiyo, kitambaa unakijua. Chukua, utanilipa shilingi 3,500 ukipata." Sikuwa nimeshona chochote ila vifungo.

Nilianza na barakoa, kama kila mtu. Za kwanza ziliwakaba watu masikio, nakiri. Mitumba nayo ilikuwa imeshapigwa marufuku kuingia nchini, karibu miezi mitano, basi watu wakaanza kufukua makabati yao. Hapo ndipo nilipojifunza kazi ya shati la mwanamume. Sikilizeni, hii ni bure: lichukue shati kubwa ambalo kola yake imechakaa. Kata kola, kata mikono, lakini ule mstari wa vifungo mbele usiuguse, ndio utakaokuwa mgongo wa gauni la msichana. Mikono yake ndiyo inayotoa marinda ya chini. Mfuko wa kifuani uuhamishe kiunoni, mtoto apate pa kuweka peremende. Shati la shilingi 50 linatoa gauni la kwendea ibada. Binti yangu wa pili alivaa la kwanza siku kanisa lilipofunguliwa, likiwa limepinda upande, na hakutaka kulivua hata kulala.

Lile deni lilinichukua miezi kumi na mmoja. Yule mama hakuniuliza hata siku moja. Siku ya kumalizia nilimpelekea shilingi 500 na leso, akairudisha ile 500, leso akabaki nayo. Hotelini niliitwa tena baadaye. Sikurudi.

Kijana wa Barani

Mimi nilinunua viatu vya ngozi vya mtumba shilingi 700, vinang'aa kama kioo. Nikawa msimamizi wa arusi ya binamu yangu. Katikati ya kanisa, mbele ya watu wote, soli ya kulia ikabaki nyuma, mimi nikaendelea. Bibi mmoja wa benchi la pembeni akaiokota, akanifuata nayo mpaka madhabahuni akiwa ameishika kwa mikono miwili kama sadaka.

Sijui nishukuru nini hapo. Labda kwamba soksi haikuwa na tundu.

Mama Kifumbu

😂😂 Ndugu yangu, gundi ya viatu vya mtumba huwa imekauka humo mtumbani. Vikunje kabla hujalipa, ukisikia mlio wa karatasi, viache.

Mzalendo wa Kisumu Ndogo

Samahanini, naharibu shughuli. Mimi neno "shukuru" limenichosha. Kila nikisema kodi imenishinda, kuna mtu ataniambia nishukuru nina afya. Mwajiri amekaa na mshahara wangu wa miezi miwili, naambiwa nishukuru nina kazi. Naona kama ni njia ya adabu ya kunyamazisha maskini.

Fundi wa Ganda

Hujaharibu, kaka. Mimi nilipokuwa na debe moja la mahindi, aliyeniambia nishukuru nilimchukia. Aliyenipa cherehani hakusema neno hilo kabisa. Mshahara wako udai.

Bi Mkunazi

Na uudai kwa maandishi, mwanangu, weka nakala.

Mimi ni mtu mzima, nitasema la jikoni. Wasichana wa siku hizi wananunua tui la paketi halafu wanalia maisha ni ghali. Nazi moja kwangu ni mboga ya siku mbili. Ikune kwenye mbuzi, maji kidogo ya vuguvugu, kamua kwenye kifumbu: hilo ndilo kasimile, liweke kando. Rudia maji mara ya pili na ya tatu, upate tui jepesi, ndilo la kuchemshia mbaazi au mchicha. Kasimile lije mwisho, moto mdogo, koroga bila kuacha wala usifunike, la sivyo litakatika ule maji na mafuta. Nusu ya kasimile natilia mbaazi leo, nusu nailaza mahali pa baridi kwa mchicha wa kesho. Chicha, yale makapi ya nazi iliyokamuliwa, wape kuku. Kuku anataga, yai anakula mjukuu.

Marehemu mume wangu alikuwa akisimama mlangoni anasema, "Leo umetia tui la pili tu." Alikuwa anajua kwa harufu! Nikitia kasimile sasa bado namtazama mlangoni.

Msomaji wa Kakuyuni

Bi Mkunazi umeniliza kazini.

Ya kwangu ni ya Jumapili ya mavuno. Kwetu watu huleta walichonacho, mahindi, maboga, nazi, kisha baada ya ibada kunafanywa mnada. Nyanya mmoja alileta jogoo. Mwalimu akamnunua shilingi 800, akasema, "Namrudisha kwa Bwana." Akauzwa tena, 1,000, akarudishwa tena. Mara ya tatu jogoo naye akachoka, akakata kamba, akaruka juu ya kinanda, vijana wa kwaya wakamkimbiza mpaka uwanjani. Wa nne kumnunua alitoa 1,300 wakati jogoo hayupo hata machoni. Akapatikana jioni, yuko nyumbani kwa yule nyanya, kwenye banda lake. Mnunuzi akasema basi amejichagulia mwenyewe. Pesa ziliezekea nyumba ya mjane makuti kabla ya masika, nilikuwepo siku ya kuezeka.

Jirani wa Shela

Naruhusiwa kuingia? Mimi si mtu wa kanisa, ni mtu wa msikiti, lakini mada ni nzuri.

Mlango wa pili kwangu anakaa mama Mkristo. Ramadhani nampelekea mkate wa sinia, na kwetu sahani hairudi tupu, hata kama ni ndimu mbili utatia. Yeye akaijua hiyo desturi akaipita kipimo. Nikipeleka mkate inarudi na mihogo ya nazi. Nikirudisha ya Krismasi na kaimati, inarudi na maembe. Mwaka jana nililazwa kwa uzazi, nikarudi nikakuta mlangoni sufuria ya uji wa pilipili manga, na nguo za mtoto za mtumba zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa ndani ya leso. Kila moja ameitazama kifungo kwa kifungo. Nguo mpya nilizopewa sizikumbuki ni za nani. Hizo nazikumbuka.

Mzalendo wa Kisumu Ndogo

Sawa, hiyo imenishika. Nimeandika barua ya mshahara. Nakala ninayo, Bi.

Mama Kifumbu

Jirani wa Shela, subiri kwanza. Ile leso ilikuwa ya zambarau, ina korosho pembeni?

Jirani wa Shela

Eeh! Wewe umejuaje?

Mama Kifumbu

Salaam aleikum, jirani. Sahani yangu ya maua ya kijani iko kwako tangu Idi.