Mwaka wa kwanza wa kuvua Australia: ziwa la chumvi, mto wa bara, au barramundi wa kaskazini?

MwanaTanga (Wollongong)

Wanajamvi, salaam. Nimekulia Tanga, ambako marehemu babu alinifundisha kuvua kwa mshipi wa mkono, na huu ni mwezi wa nne tangu familia yangu ihamie New South Wales. Nina watoto wawili, wa miaka tisa na kumi na miwili. Sina boti, na fedha ninazoweza kutenga zinatosha vifaa vya kawaida pamoja na safari moja ndefu kwa mwaka. Nimeelezwa njia tatu: kuvua hapa hapa pwani, kwenda bara kwenye mito na mabwawa, au kuweka akiba hadi nifike kaskazini kumtafuta samaki aitwaye barramundi. Naomba mnilinganishie kwa uzoefu wenu, hasa kuhusu gharama, sheria na usalama wa watoto.

FundiNdoano (Shellharbour)

Karibu sana, kaka. Nianze na gharama, kwa kuwa ndiyo nyepesi kuieleza. Katika jimbo letu mtu mzima anayevua hulipa ada, awe baharini au mtoni: dola 7 kwa siku tatu, 14 kwa mwezi, 35 kwa mwaka, na 85 kwa miaka mitatu. Walio chini ya miaka 18 hawalipi, kwa hiyo ada ni yako peke yako.

Kwa hali uliyoieleza, ningechagua Ziwa Illawarra bila kusita. Ni ziwa la maji ya chumvi, na tangu mwaka 2007 mlango wake wa bahari umeshikiliwa na kuta za mawe ili usizibwe tena na mchanga, kwa hiyo maji hupwa na kujaa kila siku kupitia mlango huo, hapo Windang. Usitegemee bamvua kama la Tanga, kwa maana hapa tofauti ya maji kwa kawaida haifiki mita 2, lakini mkondo wa mlangoni una nguvu na watoto wasiuingie.

Samaki wa kumfuata ni flathead, mwenye kichwa bapa, ambaye hujifukia mchangani akabakiza macho tu. Maji yanapoanza kupwa, uduvi na samaki wadogo husukumwa kutoka kwenye kina kifupi, naye huwa amelala pale mchanga unapoteremkia mfereji, akiwangoja. Tupa chambo hapo, kiache kiguse chini, kivute kidogo, kipumzishe, kisha uvute tena. Ukimpata, usimshike kichwani, kwa sababu mashavu yake yana miiba mikali. Mwanangu alichomwa mara moja na kidole kikavimba hadi jioni. Tangu siku hiyo tunamlaza juu ya taulo lililoloweshwa, tunamfunika macho, naye hutulia kabisa, ndipo tunaitoa ndoano kwa koleo. Majike wakubwa tunawarudisha, kwa kuwa ndio watagaji.

Nakusihi jambo moja: usiwapeleke watoto kwenye miamba ya bahari wazi, hata kama wenzako wa kazini watakusifia Hill 60 pale Port Kembla. Watu wamekufa pale, na miongoni mwa wanaokufa miambani katika jimbo hili wageni kama sisi ni wengi. Sheria ya mwaka 2016 inamlazimu mvuvi avae jaketi la kujiokolea katika maeneo ya miamba yaliyotangazwa. Wewe livae kila mahali penye mwamba, pametangazwa au hapajatangazwa.

MamaBukavu (Wagga Wagga)

Mimi nilizaliwa kando ya Ziwa Kivu, na maji baridi ndiyo ninayoyaelewa, kwa hiyo nitautetea mto Murrumbidgee. Kwa mtoto, ukingo wenye kivuli cha mikaratusi na maji yasiyo na mawimbi ni shule nzuri. Hata hivyo, baba, sheria za bara zinahitaji uangalifu zaidi. Murray cod, samaki wa asili wa mito hii, huruhusiwa kuchukuliwa akiwa na urefu wa kati ya sentimita 55 na 75 tu. Mdogo anarudi majini, na mkubwa anarudi majini. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Novemba ni msimu wake wa kuzaliana na havuliwi, isipokuwa katika mabwawa ya Copeton na Blowering.

Kuna pia trout cod, anayefanana naye sana na ambaye analindwa na sheria. Mtazame mdomo: taya la juu la trout cod limetokeza mbele ya la chini, na mstari wa kijivu hupita kwenye jicho lake, ilhali taya za Murray cod huwa sawa. Nimewahi kumwona kijana akimtia ndooni bila kujua. Tulimrudisha akiwa bado hai, nikashukuru Mungu.

Mara nyingi utakayemvuta ni carp, samaki wa kigeni aliyeenea kupita kiasi katika mito hii baada ya mafuriko ya mwaka 1974. Huyo hatumrudishi majini.

MzeeWaDarwin

Barramundi ninamvua mwenyewe, lakini nitakuwa mkweli kwako. Ni ndugu wa damu wa sangara: wote ni wa jenasi ya Lates, na anayemjua sangara wa Ziwa Victoria atautambua ule mgongo mara moja. Huanza maisha akiwa dume, hugeuka jike akishakuwa mkubwa, na huzaa kwenye maji ya chumvi ingawa hukulia kwenye maji baridi. Msimu unaopendwa ni kuanzia Machi hadi Mei, mvua zinapokatika na maji ya mabonde yanapomiminika kwenye mito kama Mary na Daly. Huku hatulipi leseni, na kipimo cha chini ni sentimita 55.

Gharama yako itakuwa ndege, gari na boti. Boti si anasa, kwa sababu mito yetu ina mamba, na anayesimama nchi kavu anatakiwa kukaa angalau mita 5 kutoka ukingoni. Ukiwa na watoto wa umri huo, subiri.

Neema_Logan

Ninaongeza mawili kutoka Queensland. Huku bahari haina leseni, ila mabwawa mengi yaliyopandikizwa samaki yana kibali chake. La pili linawahusu wote: msitumie kuwa chambo kamba wa dukani wanaouzwa kwa ajili ya kuliwa. Mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa wa madoa meupe ulizikumba shamba za kamba za Mto Logan, na kamba kutoka nje anaweza kuubeba hata akiwa amegandishwa. Nunueni chambo kwenye duka la wavuvi.

MwanaTanga

Nawashukuru nyote. Nitalipa ada ya mwaka na kuanza na Windang, kisha Desemba, Murray cod atakapofunguliwa, nitawaleta watoto Wagga kwa mama. Kaskazini nitangoja mdogo afikishe miaka kumi na mitano. Nimesikia pia kwamba kamba wa Ziwa Illawarra hutoka usiku wa giza, kama kwetu. Je, ni kweli?

FundiNdoano

Ni kweli, kaka: wakati wa kiangazi, mwezi ukiwa mchanga na maji yakitoka kuelekea baharini, hupita na mkondo na macho yao huwaka mbele ya taa. Januari giza likiingia nitakuandikia siku na saa. Nyavu za mkono ninazo mbili za ziada. Wewe leta taa na viatu vya maji vya watoto.