Klabu ya mazingira shuleni: tuwafundishe nini watoto ufuoni zaidi ya kuokota taka?

Mwalimu wa Tanga

Habari zenu, ndugu. Ninasimamia klabu ya mazingira katika shule ya msingi iliyo karibu na bahari, na wanachama wake wengi ni watoto wa wavuvi, wa darasa la tano na la sita. Kila muhula tunakwenda ufuoni, tunaokota taka, tunapiga picha na kurudi. Watoto hufurahi, lakini nikiwauliza kwa nini matumbawe hugeuka meupe, au kwa nini samaki wachanga hujificha kwenye mikoko, hakuna anayejibu. Hatuna mashua wala miwani ya kuzamia. Ni kazi gani ya mikono ambayo itawaachia elimu ya kweli?

Mkaazi wa Unguja

Mwalimu, mashua si lazima, bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, inawatosha. Siku zinazofuata mwezi kuandama, na zile zinazofuata mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu hufikia takriban mita nne, na kupwa kwa asubuhi huangukia karibu saa nne, wakati ambao watoto wako shuleni tayari. Tengenezeni fremu za mraba kwa mabomba ya plastiki, mita moja kila upande, za kulaza chini maji yakishapwa, kila moja ikishikwa na watoto wanne: wawili wahesabu, mmoja aandike kwa penseli, na mmoja achunge maji. Waandike idadi ya viti vya pweza (wale viumbe wenye umbo la nyota), majongoo bahari, kaa na konokono, pamoja na sehemu ya fremu iliyofunikwa na nyasi bahari.

Sharti ni kurudi mahali pale pale. Hesabu ya siku moja haina maana kubwa, lakini mtoto aliyekuta majongoo kwenye fremu yake, kisha akarudi muhula wa pili asiwaone, atauliza mwenyewe ni nani aliyewachukua na wameuzwa wapi, na hapo somo la uhifadhi litakuwa limeanza bila hotuba. Wavae viatu vya kufunga, kila jiwe lililogeuzwa lirudishwe kama lilivyokuwa kwa sababu chini yake kuna mayai na viumbe wasiostahimili jua, na mwanze kurudi kabla maji hayajaanza kujaa.

Mkipata nafasi ya ziara, hifadhi ya kisiwa cha Chumbe, iliyotangazwa mwaka 1994, ina utaratibu wa kuwapokea wanafunzi bila malipo. Miongoni mwa walinzi wake wamo waliokuwa wavuvi, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko mabango yote.

Mama wa Gazi

Naongeza upande wa mikoko. Hapa Gazi, Kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013 na huuza hati za hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za msitu, yaani wanunuzi hulipa ili miti ibaki imesimama. Fedha zake zimeingia kwenye maji ya kijiji na mahitaji ya shule, kwa hiyo watoto wetu wanajua mti uliosimama una faida gani. Tahadhari yangu ni kuhusu siku za kupanda miti. Watu huchomeka miche popote penye tope, wakapiga makofi, na baada ya muda miche yote imekufa. Kila aina ya mikoko ina mahali pake: mlilana husimama mbele, upande wa bahari, mkoko wenyewe hufuata nyuma yake, na mkandaa hukaa ndani zaidi ambako maji hayafiki kila siku. Wapeni watoto kamba ndefu, waivute kutoka ukingo wa maji hadi nchi kavu, wachore kila mti kamba inapopita. Kisha watafute mbegu ya mkoko, ambayo huota ingali juu ya mti, ndefu na ya kijani, waifunge utepe na kuipima kila wanaporudi. Mkija kupanda, hesabuni miche iliyo hai baada ya mwaka.

Mvuvi Mzazi

Msizidharau taka. Zikitengwa mezani, nyuzi za nyavu upande mmoja, ndala na chupa upande mwingine, mtoto ataona zipi ni za duka letu na zipi ni za vyombo vyetu vya uvuvi. Kule Lamu mafundi walijenga jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, wakalipamba kwa ndala, nalo mwaka 2019 lilisafiri hadi Unguja.

Ila nina ombi. Mwanangu alirudi kutoka klabu kama hiyo akaniambia kuwa wavuvi ndio waharibifu. Tualikeni na sisi, na hasa akina mama wanaochokoa pweza. Pale ambapo kijiji hufunga mwamba usivuliwe kwa miezi michache, pweza hukua haraka sana. Wapeni watoto mizani siku ya kufungua, wapime wenyewe.

Mwalimu wa Tanga

Nashukuruni sana. Tatizo ni kwamba mwalimu mkuu anaruhusu Jumamosi tu.

Mkaazi wa Unguja

Inawezekana. Bamvua hurudi kila baada ya wiki mbili hivi, kwa hiyo katika kila Jumamosi mbili moja itakuwa jirani nayo. Saa ya kupwa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku; pata jedwali la maji bandarini na uchague tarehe za muhula mzima kabla hujaandika barua kwa wazazi.