“Kesho inshaallah” ya fundi cherehani: je, inanisalimisha?

FundiNgamiani

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh ndugu zangu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, Ngamiani, mwaka wa 12 sasa kwenye kibaraza kimoja. Nashona kanzu, madera, mabaibui, na sare shule zikikaribia kufunguliwa. Swala tano nazipata, na nyingi kwa jamaa maana msikiti uko nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nikitoka nyumbani nasema Bismillahi, tawakkaltu alallah. Baada ya Alfajiri nakaa na nyiradi mpaka jua lichomoze ndipo nafungua. Sisemi haya kwa kujisifu, nataka tu mjue ugonjwa wangu haupo msikitini. Upo kibarazani.

Ugonjwa wenyewe ni neno “kesho inshaallah”.

Mteja anakuja na kitambaa, namwambia Ijumaa inshaallah. Natamka hivyo huku rundo nyuma yangu naliona, na moyoni najua Ijumaa haiwezekani. Nikimwambia ukweli kwamba ni wiki mbili, atakwenda kwa fundi mwingine, na kianzio chake mimi nimeshakipigia hesabu: ni luku, ni unga. Ijumaa akija, kitambaa hakijaguswa. Nasema kesho inshaallah. Kesho akija na hasira, nakitandika mezani nakikata mbele ya macho yake, anaona kazi imeanza, anaondoka ametulia. Akishapotea kwenye kona nakirudisha kwenye rundo. Mafundi wenzangu wanaijua hii. Kitambaa kikishakatwa, mwenyewe hawezi tena kukichukua akaondoka nacho.

Usiku wa kuamkia Idd ya kufungua mfungo alikuja mama mmoja na binti yake wa miaka sita hivi. Gauni la waridi, lizi nyeupe shingoni. Mkono mmoja nilishaupachika, wa pili ulikuwa bado umelala mezani na alama za chaki. Takbira zinasikika msikitini. Nikamwambia umeme umesumbua mchana kutwa, aje baada ya Alfajiri inshaallah. Umeme haukusumbua. Mbele ya lile gauni kulikuwa na nguo 11 za watu wengine. Asubuhi walikuja wote wawili, mtoto ameshaogeshwa, uso unang'aa mafuta, amefungwa kanga ya mama yake kifuani akingoja kuvalishwa. Nikaushona ule mkono mbiombio, ukatoka umejikunja begani. Swala ya Idd ikatupita, mimi na wao. Yule mama hakunitukana. Alilipa pesa iliyobaki akamshika mtoto mkono wakaondoka.

Nilidhani nimesahau. Sasa juzi mwanangu wa miaka saba ameniomba nimpeleke Raskazone akaogelee. Nikamwambia Jumapili inshaallah. Akanijibu: “Baba, usiseme inshaallah. Sema utanipeleka.”

Ndugu zangu, sijalala vizuri tangu siku hiyo. Jina la Mwenyezi Mungu mwanangu amelisikia kinywani mwangu mpaka limekuwa kwake alama ya kwamba jambo halitakuwa. Naomba mwenye elimu anisaidie: nikishasema inshaallah, nimesalimika na dhambi ya ahadi au sijasalimika? Na zile siku nilizosema “wallahi kesho utaipata” nisiitoe, nina deni gani kwa Mola wangu?

---

BintiLikoni

Waalaykum salaam kaka.

Mimi si mwenye elimu, mimi ni mteja, na nimeona nikwambie kidogo upande wetu. Mwaka jana nilipeleka kitambaa cha harusi ya mdogo wangu kwa fundi mmoja mjini Mombasa. Nilirudi mara nne. Kila mara natoka Likoni, navuka feri, kisha matatu, na mtoto mgongoni. Mara ya nne nikakuta banda limefungwa na simu haipatikani. Harusini nilivaa dera la zamani. Kilichoniuma si dera, watu hawakunitazama mimi siku ile. Kiliniuma kwamba angenipigia simu asubuhi tu aseme “usije, bado”, ningebaki nyumbani na nauli yangu mkononi. Aliniacha nije huku anajua.

Kwa hiyo kaka yangu, hata kabla hujajibiwa la dini, piga simu. Mteja aliyeambiwa ukweli atanuna siku moja kisha atarudi.

---

MwalimuMkunazini

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu fundi, kuumwa kwako kwenyewe ni kheri, kwani aliyekufa moyo haumwi na neno la mtoto.

Nianze na inshaallah. Aya iliyotufundisha neno hili imo katika Suratul Kahf, ya 23 na 24, na ukiisoma kwa Kiarabu utaikuta kesho yako humo humo: *ghadan*. Tumekatazwa kusema juu ya jambo lolote “hakika mimi nitalifanya kesho” bila ya kulifungamanisha na kupenda kwa Mwenyezi Mungu. Maana yake ni kwamba mja ameshakusudia, ameshajiandaa, kisha anakiri kuwa uwezo si wake. Azma inatangulia, inshaallah inafuata. Wewe ulipokuwa ukiitamka azma haikuwepo. Hapo neno halikukuvua na kitu, umelifanya pazia. Anayeahidi akiwa na nia ya kutimiza, kisha akauguliwa au cherehani ikavunjika, huyo ana udhuru. Anayeahidi huku anajua hatotimiza, basi ameongopa tangu alipofungua mdomo, na kuvunja ahadi kumetajwa pamoja na uongo na kuhini amana katika alama tatu za mnafiki, hadithi ya Abu Hurayra iliyomo kwa Bukhari na Muslim. Sikwiti mnafiki, Mungu aniepushe. Nakuonyesha tu neno hilo limekaa karibu na majirani gani.

Kuhusu wallahi. Ukiapa utafanya jambo usilifanye, una kafara, na imeelezwa katika Suratul Maida aya ya 89: kulisha masikini kumi, au kuwavisha, au kuacha huru mtumwa, na asiyepata hayo ndiye afunge siku tatu. Wengi huku kwetu wanakimbilia kufunga, ilhali kufunga ni kwa asiyeweza. Ukiapa na hapo hapo ukaiunganisha inshaallah kwa kukusudia kukifunga kiapo chako na matakwa ya Mola, wanazuoni wengi wanasema kafara haikupati. Lakini hilo linakuondolea kafara tu, haki ya mtu wa kitambaa iko pale pale. Na kama ulimuapia mtu kuwa umeme ulikatika na haukukatika, hicho ni kizito zaidi, maana kiapo cha uongo kimehesabiwa katika madhambi makubwa. Viapo vyako ni vingi na vimechanganyika, kwa hivyo nenda ukakae na sheikh wa hapo Tanga mvihesabu pamoja, mimi sitaki kukutolea hesabu kwa mbali.

Sasa lile ninalotaka ulishike kuliko yote. Umesema ugonjwa haupo msikitini. Mimi naona dawa yake umekuwa ukipita juu yake ndani ya swala yako. Katika tahiyatu ya mwisho, kabla ya kutoa salamu, Mtume (s.a.w.) alikuwa akiomba kinga ya adhabu ya kaburi, na fitna ya Masihi Dajjali, na fitna ya uhai na mauti, kisha anasema: *Allahumma inni a'udhu bika minal ma'thami wal maghram*. Ewe Mola, najikinga kwako na dhambi na deni. Bibi Aisha (r.a.) ndiye aliyeipokea. Akaulizwa Mtume: mbona wajikinga sana na deni? Akajibu kwamba mtu akiwa na deni husema akaongopa, na huahidi asitimize. Imo kwa Bukhari na Muslim.

Hebu isome tena ukiwa umekaa kwenye cherehani. Kile kianzio unachopokea na kukila kabla ya kugusa kitambaa ni deni. Wewe ni mdaiwa wa watu ishirini au thelathini kwa wakati mmoja, na ulimi wa mdaiwa umeelezwa ulivyo tangu zama za Mtume. Nimesomesha watoto chuoni dua hii miaka mingi, wanaihifadhi kwa siku mbili, na ni wachache wanaojua kuwa inazungumza na dukani kwao. Usiharakishe kutoa salamu. Ukifika *wal maghram*, liite jina la mteja mmoja moyoni mwako, kisha toka ukamalize nguo yake.

---

BiFundiUjiji

Assalaam alaykum wanangu. Mwalimu Allah akuzidishie, umenifunua macho na uzee huu.

Mwanangu wa Ngamiani, mie nimeshona miaka 31, na hiyo ya kukata kitambaa mbele ya mteja nami nimeifanya. Dua uishike, lakini dua inataka daftari. Mie nilinunua daftari kubwa la kaunta, nikajipima wiki nzima bila kujidanganya: kanzu ya darizi siku moja na nusu, dera la kawaida saa mbili, baibui lenye bitana nusu siku. Nikagundua kwa wiki naweza nguo 14, basi. Nilikuwa napokea 30. Tangu hapo mtu akija nafungua daftari mbele yake, naandika jina lake kwenye siku yenye nafasi, na siku ikijaa naipiga mstari. Namwambia: mama, nafasi ipo Jumanne ya wiki ya pili inshaallah. Wapo walioondoka. Ile miezi miwili ya mwanzo tulikula dagaa na ugali tu, sikufichi. Mwezi wa tatu wakaanza kurudi, na wanaleta na shoga zao.

Ramadhani, ikifika tarehe 15 sipokei tena cha Idd. Aje nani, aje dada yangu wa tumbo moja. Kumi la mwisho nataka niswali tarawehe na miguu isiyovimba.

Kianzio nakitia kwenye kopo la peke yake, sikigusi mpaka mkasi uguse kitambaa. Na lingine hukuliuliza ila nalisema, kwani nalijua banda la fundi: yale mabaki. Mtu kaleta mita nne, nguo imekula tatu na nusu, ile nusu iko kwenye gunia chini ya meza inangoja kuwa mto. Si yako. Ni amana. Mie nayakunja naweka ndani ya nguo yenyewe, mteja akifungua anayakuta. Hakuna tangazo la biashara lililolishinda hilo.

---

FundiNgamiani

Mwalimu, dada wa Likoni, bi mkubwa shikamoo. Allah awalipe, nimewasoma mara mbili mbili na ya mwalimu nimemsomea mke wangu.

Jana baada ya Isha nimekaa na rundo lote sakafuni. Viko vitambaa 23 vya watu, na vitano nimevikata tayari kwa ile hila yangu. Leo sijaanza kushona mpaka nimepiga simu zote. Wawili hawakupokea. Mmoja amenitukana nikanyamaza. Wanne wamesema watakuja kuchukua vitambaa vyao na kianzio, na pesa ya wawili ninayo, ya wawili nimewaomba mpaka mwisho wa mwezi na nimewaandikia tarehe. Waliobaki nimewapa siku kutoka kwenye daftari, nguo 12 kwa wiki kwa mwendo wangu.

Gunia la mabaki nimelimwaga pia. Bi mkubwa, nilikuwa nikiliona ni langu kabisa. Vipande ninavyovikumbuka vya nani nimevifunga na uzi pamoja na majina. Vile nisivyovikumbuka nitamuuliza sheikh nikimwona kesho kwa ajili ya viapo. Nimeshafikiri nikiambiwa kafara, nitanunua jora la pamba kwa pesa yangu nishone kanzu kumi za watoto. Kazi hiyo naiweza.

Nyumba ya yule mama wa gauni la waridi nimeipata, ni mtaa wa pili tu. Nimekwenda leo baada ya Alasiri. Nimemwambia ukweli kwamba umeme haukukatika. Alikaa kimya, kisha akamwita mtoto alete gauni. Mkono bado umejikunja vile vile, wamelivaa hivyo hivyo. Nimelichukua nifumue nipachike upya. Nimeliandika kwa siku ya Jumamosi na ndilo lililoko chini ya sindano sasa hivi ninapoandika.

Jumapili saa mbili asubuhi ni Raskazone. Nimemwambia mwanangu “inshaallah” makusudi, nikamwonyesha daftari, siku ile nimeipiga mstari na nimeandika jina lake. Amelichukua akaenda kumwonyesha mama yake jikoni.